Mlango wa Kushoto

Dorkasi alimsahau mumewe ndani ya gari. Hakukusudia, na mtu yeyote anayemjua atakuapia hivyo, lakini alimsahau, tena kanisani, tena Jumapili ya mavuno, watu wote wakiwa nje na nguo zao za pasi.

Kigari chenyewe kilikuwa kidogo, cheupe, cha miaka mingi, vile ambavyo vijana wa mjini huviita bebi woka. Kilikuwa na kasoro zake. Geji ya mafuta ililala chini ikagoma kupanda hata ukijaza tangi. Honi ililia yenyewe kila ukikata kona kali. Na mlango wa mbele wa kushoto, anapokaa abiria, haukufunguka kwa ndani, na kioo chake kilikwama juu. Aliyekaa pale alisubiri mtu wa nje amfungulie. Na aliyekaa pale siku zote alikuwa Seth, kwa sababu Seth hakujua kuendesha.

Siku hiyo Dorkasi aliegesha, akashuka. Binti yao Priska akaruka kutoka kiti cha nyuma akawakimbilia wenzake. Kabla Dorkasi hajazunguka upande wa pili, mama mchungaji akamshika mkono. "Muuguzi wetu! Afadhali umefika. Njoo umwone mama mmoja hapa, miguu imemvimba." Dorkasi akaenda. Muuguzi haitwi mara mbili.

Seth akasubiri. Jua la Dodoma halina huruma na mtu aliyefungiwa nyuma ya vioo akiwa amevaa koti. Alifikiria kupita upande wa dereva, lakini gia na hendibreki vilikaa katikati, yeye ni mtu wa mwili, na mwanaume mzima hatambai kanisani. Mwishowe akagonga kioo. Vijana wa kwaya waliokuwa kivulini wakageuka.

"Jamani!" akapaza sauti mmoja wao, Daudi, mpiga kinanda. "Mheshimiwa hajafunguliwa mlango!"

Kicheko kikapasuka. Mji huu umejaa waheshimiwa wanaofunguliwa milango ya magari, basi utani huo haukuhitaji kufafanuliwa. Daudi akahangaika kidogo na mlango, akafungua, akapiga saluti. "Karibu sana, Mheshimiwa. Walinzi wako leo wapo likizo?"

Seth alicheka nao, kwa meno tu. Ibada nzima hakusikia neno. Aliporudi garini alisema, "Umeniacha humu kama gunia la mahindi."

"Nisamehe, Baba Priska, nimekosa. Lakini kitasa si ulisema utanunua wewe?"

"Nitanunua."

Alikuwa akisema hivyo tangu msimu wa kulima.

*

Sasa usije ukadhani gari lilikuwa bovu. Thubutu! Halikuwahi kulala njiani hata siku moja. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, upepo ukichapa vumbi mtaa mzima wa Nkuhungu, magari ya maana yakikohoa, hilo liliwaka mara moja. Palikuwa na jirani mwenye gari kubwa la fahari lililokaa gereji zaidi kuliko nyumbani, naye alikuwa akija kuomba lifti huku anatazama pembeni. Wajawazito walipelekwa hospitali na gari hilo. Maharusi wawili walipambiwa gari hilo. Na watu wote, wakubwa kwa wadogo, waliliita gari la Mama Priska.

Hilo ndilo lililomla Seth. Hakuna aliyewahi kusema gari la Baba Priska, ilhali kadi ya gari ilikuwa na jina lake. Dorkasi alilinunua kwa mkopo wake wa kazini, na muuzaji alipouliza aandike nani, akajibu bila kufikiri, "Andika Baba Priska. Ndiye mwenye nyumba." Alifanya hivyo kwa heshima, na ili mawifi wasije kusema ameota mapembe. Rafiki yake Paulina alimwonya. "Shoga, gari si mtoto. Halina ulazima wa kuitwa kwa jina la baba." Dorkasi akacheka.

Seth alitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, kazi ya heshima tu, na alikwenda kwa miguu. Aliwahi kujaribu kujifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule. Akaparamia uzio wa michongoma wa watu, na Dorkasi akacheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo hakugusa tena usukani. Asubuhi alimtazama mkewe akifunua boneti kupima oili kabla hata ya chai, akipiga piga bodi na kusema, "Twende, mama." Yeye hakuwahi kuambiwa twende baba. Ndiyo, alilionea gari wivu. Mtu mzima, mwenye ndevu.

*

Wivu wa gari ungepita. Ulioleta balaa ni wa pili, na aliyeuleta ni Hilda.

Hilda ni dada yake Seth, amemtangulia kuzaliwa. Alikuwa ametoka kwao Gulwe kuja kutibiwa macho, akashukia kwa mdogo wake. Dorkasi ndiye aliyempokea stesheni, akampeleka kwa daktari, akamrudisha, akamnunulia na dawa. Unadhani alishukuru? Kila alipoketi kwenye gari lile aliwaza kwamba yeye, mkubwa, anatembea kwa miguu kwenda mnadani maisha yake yote, na huyu aliyeolewa juzi anazungusha usukani kwa kidole kimoja. Wivu ukimshika mtu, hata wema anaofanyiwa humwasha.

Asubuhi moja alikwenda dukani kwa Seth, akamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mdogo wangu."

"Mbukwa, dada. Kwema?"

"Kwema. Ila macho yangu haya, nilidhani hayaoni vizuri." Akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Nimekwenda kununua maziwa pale njia panda ya lami. Nikamwona wifi. Amesimamisha gari, ameshuka, amezunguka, amemfungulia mlango mwanaume. Mwanaume kaingia, wifi kamfungia. Wakaondoka wanacheka."

Seth aliacha kuhesabu misumari. "Mlango upi?"

"Mlango gani tena? Wa mbele. Pale unapokaa wewe."

"Atakuwa mfanyakazi mwenzake."

"Sijasema si mwenzake. Mimi nimesema nilichoona." Akainuka, akakung'uta kanga. "Lisemwalo lipo, mdogo wangu. Kama halipo, laja."

Na hapo ndipo ujue moyo wa binadamu ulivyo. Mlango uliomtia aibu kanisani, uliomfanya asubiri kama bibi harusi, mlango ambao angemlipa mwenye nyundo auvunje, sasa Seth aliuona ni wake. Mkewe kuzunguka gari na kumfungulia lilikuwa jambo lao wawili. Kumbe kuna mwanaume mwingine analipata kila asubuhi, tena halimuumizi, tena anacheka! Akamkosea mteja idadi ya misumari.

*

Jioni hiyo mlenda ulipoa kwenye bakuli.

"Nani unampakia njia panda?"

"Ibrahimu," alijibu Dorkasi, anammegea Priska ugali. "Yule wa maabara, Mrangi wa Kondoa. Si nilikwambia? Amepanga hapa hapa Nkuhungu, anachangia mafuta."

"Hukuniambia kama unamfungulia mlango."

Dorkasi alimtazama aone kama anatania. "Baba Priska, mlango haufunguki kwa ndani. Tukifika kazini Chamwino nimwache humo mpaka jioni?"

"Asubuhi je? Kwa nje unafunguka. Ana mikono."

"Unataka kuvutwa kwa kuinuliwa kidogo, yeye hajaujulia. Na wewe unaujua."

"Akae nyuma!"

"Mtu mzima nimkalishe nyuma, mimi niwe dereva wake?"

"Ndiyo! Afadhali uwe dereva wake!"

Priska akaacha kula. Hilda, aliyekuwa kwenye kigoda, alijishughulisha sana na mwiba wa samaki. Dorkasi akashusha sauti. "Sikiliza. Ninapotoka zamu giza limeingia. Kile kipande cha kabla ya Ihumwa hakina hata taa. Nikiwa na mtu wa kuaminika pembeni napumua. Ana mke, Mwantum, namjua. Una wivu na Ibrahimu? Jamani, Baba Priska!" Na akacheka.

Heri asingecheka. Angelia, angegomba, angeapa kwa Mungu, yote yangepita. Kile kicheko Seth alikijua, ni cha siku ya michongoma.

Kesho yake alimwambia bosi wake anaumwa tumbo, akajibanza kwenye kibanda cha mkaa karibu na njia panda. Gari likaja, honi ikalia yenyewe kwenye kona, likasimama. Ibrahimu alikuwa kijana mnene, mcheshi, na mfuko wa zabibu mkononi. Dorkasi akashuka, akazunguka, akapangusa kiti vumbi kwa kiganja, akamfungulia. Ibrahimu akasema neno, na Dorkasi akacheka kicheko kikubwa, cha kichwa nyuma, ambacho Seth alikuwa hajakisikia nyumbani kwake siku nyingi.

Neno lenyewe, kama unataka kulijua, lilikuwa hili: Mwantum amemtuma mumewe sokoni aje na tungule za mchuzi, yeye akarudi na zabibu kwa kuwa muuzaji alimsifia, na sasa anazileta kazini ili ushahidi usionekane. Basi. Kati ya watu wawili wale hapakuwa na kitu chochote kingine, jana wala leo. Lakini mtu aliye nyuma ya magunia ya mkaa hasikii maneno, anaona meno tu.

*

Jumamosi Dorkasi alirudi kutoka zamu ya usiku, akanywa uji, akalala usingizi wa mtu aliyezalisha wanawake hadi alfajiri. Seth akachukua ufunguo kwenye msumari na kadi kabatini. Hakuweza kuliondoa gari mwenyewe, hivyo alimpigia simu Fabian, dalali wa magari, aje kulichukua.

Fabian aliwasha injini, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzee, chombo hiki! Kasoro zake za kike kike, maringo tu, injini haina neno. Una shida gani mpaka uuze?"

"Sina shida."

"Mama anajua?"

"Kadi ina jina la nani?"

Fabian akasoma, akainua mabega. Waliondoka kwenda kukamilisha maandishi, Seth kiti chake kile kile. Walipofika Fabian alishuka haraka kumwahi mnunuzi, na Seth akabaki ndani anamtazama kupitia kioo, hadi mtu alipokumbuka kuja kumtoa.

Hakusikia furaha aliyoitegemea, lakini alisikia nafuu. Gari limekwenda, na yule wa mlangoni amekwenda nalo. Mke wake atapanda gari la abiria, atakaa katikati ya watu, atarudi nyumbani, na nyumba itakuwa na kichwa kimoja. Ndivyo alivyojipigia hesabu.

Dorkasi aliamka mchana, akatoka na kanga kifuani. Alitazama pale uwanjani palipobaki doa la oili, kisha akamtazama mumewe aliyeketi kizingitini.

"Gari liko wapi?"

"Nimeuza."

Akadhani hakusikia. "Umefanyaje?"

"Nimeuza. Fedha hiyo hapo mezani, yote, sijala hata shilingi."

"Kwa sababu ya ule mlango, Seth?" Hakumwita Baba Priska. Hilda, aliyekuwa anachambua mchele, akainamisha kichwa.

"Kwa sababu ya nyumba yangu. Watu wanasema."

"Watu gani?"

Seth akamtazama dada yake. Hilda akashtuka. "Mimi sikusema uuze! Mungu wangu, Seth, mimi nilisema nilichoona tu!"

Dorkasi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Hakuuliza hata bei. "Mkopo wake bado nakatwa kwenye mshahara," alisema taratibu, kama anamweleza mgonjwa. "Nitaendelea kukatwa gari ambalo sina. Na Jumatatu zamu yangu inaanza saa moja asubuhi. Nitafikaje?"

"Utapanda gari la abiria kama wenzio."

"Haya," alisema Dorkasi. Akaingia ndani.

Mtaa ulilia msiba wa gari lile kwa namna yake. Wapo waliosikitika kweli, na wapo waliosikitika huku wanakaza midomo isicheke, maana mwenzako akishuka na wewe hujapanda, hufarijika kidogo. Yule jirani wa gari la fahari alisema, "Pole sana, Mama Priska, ndiyo dunia," kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Hilda alifunga mzigo akarudi Gulwe bila kumaliza dawa.

Dorkasi akawa anaamka kabla ya jogoo. Anabadili magari mjini, anasubiri la pili lijae, anafika amechelewa, mama mjamzito yuko mlangoni na uchungu wake. Mganga mfawidhi alimwita mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa maandishi. Jioni anaingia nyumbani Priska ameshalala na daftari usoni. Hakulalamika. Seth alikuwa anasubiri alalamike ili amjibu, majibu alikuwa nayo tele, lakini hakupewa nafasi.

Siku moja Seth alikuta magodoro mawili yamefungwa kamba.

"Nimepata chumba Chamwino, karibu na kituo," alisema Dorkasi. "Priska nimemwombea nafasi shule ya kule."

"Unaniacha?"

"Sijakuacha. Nahamia karibu na kazi. Ungekuwa na njia nyingine ungenionyesha." Alisubiri kidogo, kweli alisubiri. Seth akashika ncha ya godoro kusaidia kupakia.

*

Seth aliishi peke yake na wivu wake. Zamani ulikuwa na mipaka: njia panda hadi Chamwino, asubuhi na jioni. Sasa ulikuwa wa saa zote. Alikaanga yai akawaza Dorkasi anakula na nani. Alisikia redio ya jirani akawaza anacheka na nani. Mwishowe, Jumamosi moja, akavaa koti la kanisani, akatia zile fedha mfuko wa ndani, akaenda Chamwino.

Alielekezwa hadi kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga yenye uwanja uliofagiliwa vizuri. Dorkasi alikuwa ameketi mkekani, anasukwa nywele na mwanamke mwembamba aliyejitanda ushungi. Mlango wa pili ukafunguka na akatoka Ibrahimu, na msuli kiunoni, mswaki mdomoni.

Seth alisimama pale pale.

"Aa, shemeji!" Ibrahimu aliutoa mswaki, akamjia mikono miwili mbele. "Shikamoo shemeji! Karibu, karibu! Mwantum, huyu ndiye shemeji Seth, mume wa sista."

"Shikamoo," alisema Mwantum, akainuka kumpisha kiti.

"Marahaba," alijibu Seth. "Na ninyi... mnakaa hapa?"

"Tungefanyaje, shemeji? Ulipouza gari tulikwama wote. Mimi nauli ilinishinda. Mwantum alipopata habari kwamba sista amepata chumba, akasema na sisi tukaombe cha pembeni, watoto wacheze pamoja." Akacheka cheko lake lile. "Tumekuwa ndugu kabisa. Kila kitu tunakula chungu kimoja."

Hivyo ndivyo Seth alivyojua alichokuwa amenunua kwa gari lake. Alimwondoa mwanaume kwenye kiti cha kushoto, akamweka ukuta mmoja na chumba cha mkewe. Na hapakuwa na wa kumlaumu, maana hata sasa, akimtazama Ibrahimu machoni, hakuona hila. Angeiona angalau angekuwa na haki. Hilo lilimchoma kuliko vyote.

Walimletea soda. Walimpikia pilau ya kuku. Mwantum ndiye aliyekoleza bizari, Dorkasi akatenga, akamnawisha mikono kwa birika huku ameinama kwa adabu. Mume hatengewi pilau na soda siku isiyo na sikukuu. Seth alitafuna akitamani mlenda, ule wa kupoa, uliomwagiwa maneno.

Walipobaki wawili alisema, "Rudi nyumbani, mke wangu. Nilikosa. Nina wivu, ndiyo, nakiri, unaniunguza. Fedha hii hapa, sijaigusa. Nitanunua gari lingine."

"Kwa jina la nani?"

Hakutegemea swali hilo. Alifungua mdomo, akafikiria watu watasemaje, akafikiria dada yake, akafikiria kanisani. Alipopata jibu zuri Dorkasi alikuwa tayari anakusanya sahani.

"Umefikiria mno, Baba Priska," alisema bila hasira. "Zirudishe mfukoni zisipotee. Na magari ya mjini huadimika baada ya magharibi, usije ukachelewa."

Walimsindikiza hadi barabarani, wote, kama desturi ilivyo. Ibrahimu alimbebea kifurushi cha zabibu. Gari la abiria likaonekana kwa mbali, vumbi nyuma yake. Seth akamshika Priska kichwani. Alitaka mtoto alie, amng'ang'anie koti, aseme baba usiende, jambo lolote la kwake peke yake ambalo mwingine yeyote pale asingepewa.

Priska amelelewa vizuri na mama yake. Alimpa mkono, akapiga goti kidogo, akamwambia kama anavyowaambia wote wanaokuja pale, "Karibu tena, baba."

"Asante," alisema Seth.